Kutoka Kambini hadi Ukumbini: Wanamuziki wa Pwani Waliopitia Jeshini

Tunapoizungumza historia ya muziki wa Pwani, sifa huwaendea watunzi wa taarabu, mafundi wa udi na fidla, na wenye vikundi vya ngoma. Kuna kundi jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni la watu waliovaa magwanda. Ilhali tarumbeta za beni zinazosikika kwenye harusi za Lamu, gitaa la umeme lililovuma Nairobi baada ya Vita Kuu ya Pili, na wimbo wa Kitaita uliopendwa Kenya nzima mwaka 1977, vyote vina mkono wa jeshi ndani yake.

Makala haya yaeleza jinsi kambi ya jeshi ilivyokuwa chuo cha muziki kwa watu wa Pwani na majirani zao, na maisha ya wanamuziki hao yalikuwaje baada ya kutoka. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: jeshi lilimpa kijana ala, mwalimu na mshahara, vitu ambavyo nyumbani hakuweza kuvipata. Lakini ala ilikuwa ya serikali, na sare ilikuwa ya serikali. Siku ya kuondoka alivirudisha. Alichobaki nacho ni ujuzi, marafiki na nyimbo zake, na hata nyimbo hizo, kama tutakavyoona, si kila mara zilikuwa zake.

Bendi ya jeshi hufanya kazi gani

Majeshi yetu yamekuwa na bendi za aina mbili. Ya kwanza ni bendi ya gwaride, yaani ile ya matarumbeta, tromboni, klarineti na ngoma kubwa kwa ndogo. Hii hupiga kwenye gwaride, mazishi ya kijeshi, mapokezi ya wageni na sikukuu za taifa. Ya pili ni bendi ya dansi yenye magitaa, saksafoni, ngoma na waimbaji. Kazi yake ni kuwaburudisha askari na familia zao, na mara nyingine hutoka nje ya kambi kuwapigia raia.

Mpigaji wa bendi zote mbili ni askari kwanza, mwanamuziki baadaye. Ana namba, ana cheo, anapokea amri na anaweza kuhamishwa. Kwenye bendi ya gwaride hufundishwa kusoma muziki kwa noti. Hili si jambo dogo. Mpigaji aliyejifunza kwa kusikiliza tu huhitaji muda kuzoea nyimbo za kundi jipya, lakini anayesoma noti huweza kuwekwa mbele ya karatasi leo jioni na kesho akapiga pamoja na watu asiowajua.

Kwenye gwaride la Kenya kuna kitu cha Pwani ambacho wengi hawakijui. Wimbo wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati iliyokuwa na mchungaji Thomas Kalume wa Kilifi ndani yake, una sauti iliyotokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila bendi ya jeshi au polisi inapopiga wimbo wa taifa, inapiga sauti ya Mto Tana iliyopangwa upya kwa tarumbeta.

Kabla ya jeshi la Mwingereza

Watu wa Pwani hawakuanza kujua mlio wa tarumbeta kwa Waingereza. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zilikuwa alama ya utawala karne nyingi kabla ya ukoloni. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa kwenye harusi na shughuli za watu wenye nasaba, na kuazimwa siwa kulikuwa heshima. Neno tarumbeta lenyewe tumelipokea kutoka kwa Wareno. Kwa hiyo mtu wa Pwani alipoona bendi ya kizungu ikipita barabarani, alichokiona hakikuwa kigeni kabisa: aliona chombo cha kupuliza na cheo cha mwenye chombo.

Kule Unguja, masultani wa karne ya 19 walikuwa na bendi yao ya matarumbeta, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa waliokuja kutoka India. Wagoa walikuwa wamesoma muziki wa noti katika shule za kanisa za kwao, na hivyo walipata kazi kwa urahisi katika bendi ya ikulu. Kwa upande wa Mombasa, wamisionari wa Kianglikana walianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru pale Freretown mwaka 1875, na huko nako kukawa na mafunzo ya muziki wa kizungu.

Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza vya Kenya, Uganda na Nyasaland viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilijua kwa herufi tatu tu: KAR. Buruji ndiyo iliyowaamsha askari, buruji ndiyo iliyowalaza, na bendi ndiyo iliyowatembeza. Mpiga buruji hakuhesabiwa kuwa mwanamuziki, bali kipaza sauti cha kamanda. Hata hivyo, kijana aliyejua kupuliza buruji alikuwa tayari ana pumzi na mdomo wa kupuliza tarumbeta.

Beni: gwaride likageuka ngoma

Matunda ya kwanza ya muziki wa jeshi nje ya kambi ni beni. Jina lenyewe ni la Kiingereza lililovaa kanzu, yaani bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyechapisha kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, anaeleza kwamba ilianzia katika miji ya Pwani ya Kenya miaka ya 1890, kisha ikaenea bara.

Beni ilikuwa na sura ya gwaride. Wachezaji walivaa sare, walipanga mistari, walikuwa na tarumbeta na ngoma kubwa pale zilipopatikana, na kila chama kilikuwa na vyeo: mfalme, gavana, jenerali, daktari. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi vilivyoshindana kwa mavazi, kwa mashairi na kwa karamu. Mashindano yalikuwa makali, watu wakatumia mali nyingi ili wasishindwe na upande wa pili. Mtu ambaye mchana alikuwa mchukuzi wa bandarini, jioni alikuwa jenerali mbele ya mtaa mzima.

Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, ndiyo iliyoibeba beni hadi mbali. Askari na wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kwenda kupigana na jeshi la Wajerumani katika Tanganyika. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndiyo asili ya majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makambini watu wa Pwani waliwafundisha wenzao beni, na vita vilipokwisha kila mtu akarudi nayo kwao. Tanganyika ikapata vyama vya Marini na Arinoti. Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ikapata mganda na malipenga. Huko wachezaji wasio na tarumbeta za shaba walitengeneza vyombo vya vibuyu vinavyoigiza mlio wake. Katika machimbo ya shaba ya Zambia ikawa mbeni, na baadaye kukatoka humo ngoma ya kalela.

Hapa ndipo twaona kwa mara ya kwanza jinsi askari wa zamani alivyoweza kutumia alichokipata jeshini. Hakuwa na tarumbeta ya serikali tena, lakini alijua jinsi ya kupanga watu mia wakatembea pamoja, kugawa vyeo, kukusanya ada na kutuma habari kutoka mji mmoja hadi mwingine. Serikali za kikoloni zililiona hilo. Baada ya vita zilianza kuichunguza beni, na wafanyakazi wa machimbo ya shaba walipogoma mwaka 1935, chama cha ngoma cha mbeni kilitajwa katika uchunguzi wa serikali kuhusu mgomo huo. Ngoma iliyokuwa ya kumwiga mkubwa ilianza kumtia mkubwa wasiwasi.

Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa mijini walianza kuiacha beni na kuhamia dansi la wawili wawili. Lakini Pwani haikuitupa. Lamu bado kuna beni za harusi zenye tarumbeta, tromboni na ngoma, na Unguja pia beni huchezwa. Mzee akiona vijana wakipita na tarumbeta kwenye harusi, aujue ukoo wake: baba yake ni gwaride la jeshi, mama yake ni ngoma ya mashindano ya mitaa yetu.

Vita Kuu ya Pili na kitengo cha burudani

Kabla ya vita vya pili, Mombasa ilikuwa tayari ina wapiga gitaa waliojulikana, miongoni mwao Lukas Tututu na Paul Mwachupa, waliowapigia watu kwenye kumbi za dansi. Vita vilipoanza, jeshi lilihitaji si askari wa bunduki tu. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa mbali: Somalia na Ethiopia kwanza, kisha Ceylon, India na Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katikati ya mvua na misitu. Watu waliokaa mbali na nyumbani kwa miaka walihitaji kitu cha kuwatuliza. Jeshi likaunda kitengo cha burudani na kuwaandikisha wanamuziki.

Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Kitengo hicho kilimpeleka hadi India na Burma. Huko alipigia askari wa makabila na nchi mbalimbali ambao lugha pekee iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Tufikirie maana yake kwa mtunzi. Nyumbani angeimba kwa ajili ya mji wake. Jeshini alilazimika kutunga kwa Kiswahili chepesi kinachomwingia Mganda, Mkamba, Mnyamwezi na Mchewa kwa pamoja. Nyimbo alizokuja kurekodi baadaye zina sifa hiyo hiyo: maneno machache, mapenzi na vituko vya mjini, sauti inayoshikika mara moja.

Katika kitengo hicho alikutana na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa afisa, ambaye baada ya vita alibaki Nairobi na kuwa mfanyabiashara mkubwa wa muziki na matangazo. Ujuzi wa jeshini ni jambo moja, lakini kujuana kwa jeshini ni jambo jingine, na kwa Fundi Konde kujuana huko kulifungua mlango wa kurekodi. Mwaka 1947 alikuwa tayari anatoa santuri. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Kenya kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake kama "Tausi", "Mama Leli" na "Majengo Siendi Tena" zilijulikana Afrika Mashariki yote. Alikuwa pia sauti inayojulikana redioni.

Biashara ya santuri ya wakati huo ilikua pia kwa sababu ya askari. Mtu aliyerudi vitani na malipo yake mfukoni alikuwa amezoea gramafoni na muziki wa dansi, na kampuni za Nairobi zilimlenga yeye. Lakini malipo ya msanii yalikuwa madogo. Mara nyingi alilipwa mara moja kwa kila wimbo, akasaini, na mambo yakaishia hapo. Santuri ikiuzwa elfu moja au elfu hamsini, kwake ni sawa.

Ladha ya watu ilipogeuka miaka ya 1960, na magitaa ya Kikongo kuanza kutawala, Fundi Konde alinyamaza kwa muda mrefu. Alirudi kusikika uzeeni, pale kundi la Them Mushrooms, wana wa Pwani wenzake, lilipomwita na kurekodi naye. Mwaka 1994 lebo ya RetroAfric ya Uingereza ilikusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 katika albamu moja. Alifariki mwaka 2000.

Wenzake wa kizazi hicho

Safari ya Fundi Konde haikuwa ya peke yake. Wanamuziki wa Kenya na Uganda waliokuwa katika burudani ya KAR waliendelea pamoja baada ya vita kwa jina la Rhino Boys, wakawa moja ya bendi za kwanza za dansi kupendwa nchi nzima. Kundi hilo liligawanyika mwishoni mwa miaka ya 1940 na wapigaji wakatawanyika katika bendi nyingine. Bendi iliyoshikwa pamoja na amri na mshahara wa jeshi si rahisi kuishi pale kila mtu anapoanza kujitafutia riziki yake.

Kuna waliogeuka upande mwingine kabisa. Ally Sykes wa Dar es Salaam alijiunga na KAR akiwa kijana mdogo akapelekwa Burma, na kaka yake Abdulwahid pia alikuwa huko. Aliporudi, Ally aliendelea na muziki, akarekodi na bendi yake ya Merry Blackbirds, na akafanya biashara pamoja na Colmore. Lakini tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilipoanzishwa Dar es Salaam, ndugu hao wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wake 17. Jeshini walikuwa wameona nchi nyingine, na wamesimama bega kwa bega na watu wa koloni nyingine wenye malalamiko kama yao. Muziki ulimpa Ally jina na fedha, na jina na fedha vilikuwa vitu ambavyo chama kichanga kilivihitaji.

Maroon Commandos: askari hadi mwisho

Baada ya uhuru majeshi ya KAR yaligeuka majeshi ya nchi huru, na bendi zikabaki. Mfano mkubwa kwa Kenya ni Maroon Commandos, bendi ya dansi ya Kikosi cha 7 cha Kenya Rifles katika kambi ya Lang'ata, Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1970 na ikaongozwa na Habel Kifoto, mwana wa Taita.

Mwaka 1977 Maroon Commandos walitoa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita unaozungumzia taabu ya kuwa ugenini. Kwa kawaida wimbo wa lugha ya watu wachache haukutarajiwa kuvuka mipaka ya kabila, lakini huu ulipigwa na kuchezwa kila pembe ya nchi. Sababu moja haifichiki. Wimbo ulitoka kwa mtu ambaye kazi yake yenyewe ni kuishi mbali na kwao, na Kenya ya miaka hiyo ilikuwa imejaa watu waliohamia mijini kutafuta kazi. Nyimbo zao nyingi zaidi zilikuwa za Kiswahili. Ule wa kuwahimiza watu waamke waache uvivu ulipigwa redioni alfajiri miaka na miaka, hata watoto wa shule wakaujua kabla ya kujua walioimba ni nani.

Maroon Commandos walikuwa na jambo ambalo bendi za raia hazikuwa nalo. Bendi ya raia ililipwa kutokana na kiingilio na mauzo ya bia. Ukumbi usipojaa, hakuna chakula. Ndiyo maana bendi nyingi za Nairobi na Mombasa za wakati huo zilivunjika baada ya miaka michache kwa ugomvi wa fedha au kwa tajiri mwenye ala kuzichukua ala zake. Askari mwanamuziki alipata mshahara mwisho wa mwezi, ukumbi ujae au usijae. Ala zikiharibika hazikutoka mfukoni mwake. Hiyo ni sababu kubwa ya bendi hiyo kudumu wakati wenzao wakizimika.

Bei yake ilikuwa uhuru. Askari hawezi kutia saini mkataba wa safari ya Ulaya kwa sababu amealikwa, na hawezi kutunga wimbo wa kumkosoa mkubwa na kuupiga Jumamosi. Kifoto alifariki tarehe 31 Julai 2011, na jina lake halikuachana na la bendi hiyo ya kijeshi.

Ng'ambo ya Vanga

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi katika njia hii. Huko bendi nyingi za dansi zilikuwa za taasisi za umma, na vyombo vya ulinzi vilikuwa mstari wa mbele. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli Jazz, Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, polisi walikuwa na Polisi Jazz, na magereza nao walikuwa na bendi yao. Wapenzi wa dansi wa Mombasa waliokuwa wakisikiliza Redio Tanzania usiku walizijua bendi hizi kama walivyozijua za kwao.

Zahir Ally Zorro ni mfano wa mwanamuziki aliyejulikana kupitia Kimulimuli kisha akaendelea na muziki nje ya jeshi. Watoto wake Banana Zorro na Maunda Zorro walikuja kuwa waimbaji wa kizazi kipya. Kwa hiyo faida ya bendi ya jeshi haikuishia kwa mwenye kuandikishwa. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya baba anayelipwa kwa kupiga muziki hakuuona muziki kuwa uhuni, bali kazi kama kazi nyingine.

Walichotoka nacho na walichokiacha

Tukiwaweka pamoja watu hawa wa vizazi vitatu, twaona mambo yanayofanana.

Kwanza, jeshi halikuwafanya watunzi. Fundi Konde na Kifoto walikuwa na kipaji chao. Jeshi liliwapa nafasi ya kukitumia: ala, muda wa mazoezi na wasikilizaji wa kila kabila.

Pili, waliofanikiwa baada ya kutoka ni wale waliotoka na kitu kisichoshikika kwa mkono. Askari wa beni alitoka na ujuzi wa kupanga watu. Fundi Konde alitoka na Kiswahili cha wote na rafiki mwenye studio. Ally Sykes alitoka na macho yaliyofunguka. Aliyejua kupuliza tarumbeta tu, na hakuwa na fedha ya kununua yake, alikwama.

Tatu, nyimbo zilizodumu ni zile zilizoimbwa kwa sauti ya kwao. Nyimbo za kizungu walizofundishwa kupiga kwenye gwaride hakuna anayezikumbuka kwa majina yao. "Tausi" na "Charonyi ni Wasi" bado zinaimbwa.

Wimbo ni wa nani?

Jambo lililo hai hadi leo ni haki za nyimbo hizi, na linazigusa familia za Pwani moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yatofautisha vitu ambavyo wengi huvichanganya.

Wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti, hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa mtunzi. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 2000, ulinzi unafika mwisho wa mwaka 2050. Rekodi, yaani ule muziki ulionaswa studio siku fulani, ni kitu tofauti. Hulindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo rekodi za miaka ya 1940 na 1950 zimekwisha muda wake, lakini nyimbo zilizomo ndani bado zaweza kuwa na mwenyewe. Anayeziuza au kuzitia katika tangazo leo hawezi kusema ni za kale kwa hiyo ni za bure.

Upande wa pili ni wa waliotunga wakiwa kazini. Sheria hiyo yasema kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika ajira yake huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Kwa mwanamuziki wa bendi ya serikali hili ni swali zito. Wimbo aliotunga akiwa kambini, kwa ajili ya bendi ya kambi, waweza usiwe wake ingawa jina lake linatajwa kila unapopigwa. Wimbo aliotunga kabla ya kuandikishwa, au baada ya kustaafu, ni jambo jingine. Tarehe ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo familia yenye mzee aliyepiga katika bendi ya jeshi, polisi au magereza ina kazi ya kufanya ikiwa mzee yupo hai, na hata kama hayupo. Tafuteni cheti chake cha kuandikishwa na cha kustaafu, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha tarehe. Hifadhini risiti na mikataba ya kampuni za santuri, hata kama imechakaa. Msitupe santuri zisizo na mashine ya kuzipiga, kwani karatasi ya katikati ina jina la mtunzi, la kampuni na namba ya rekodi. Nyuma ya kila picha ya bendi andikeni majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, wakati bado kuna mtu wa kuyataja. Mkiwa na vitu hivyo, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ndipo mahali pa kuanzia, nayo huelekeza mtu kwenye chama cha kukusanya mirabaha kinachomhusu: cha watunzi, cha waimbaji na wapigaji, au cha wenye rekodi.

Waliokwenda Burma wakiwa na miaka 20, hata kama yupo aliye hai, leo amepita miaka 100. Lakini waliopiga na bendi za miaka ya 1970 wapo bado, wako Wundanyi, Voi, Kaloleni na Kisauni, na wengi wao bado wanakumbuka ni nani alipiga besi siku ya kurekodi.